Farasi wa Marehemu na Kopo Langu la Pati

Mhariri wa ukurasa huu ameniomba mambo mawili: nisianze kwa kulia, na niwakumbushe wasomaji tulipoishia. La kwanza nitajitahidi. La pili ni jepesi, kwa sababu tangu wiki iliyopita kila ninayekutana naye ananikumbusha mimi.

Muuza magazeti wa kona ya kwetu alinishika mkono.

"Fundi, yale uliyoandika ni kweli, au umetia chumvi?"

"Sikutia."

"Uliwaosha wote?"

"Wote."

"Kwa sabuni ya magari?"

Nikachukua gazeti langu nikaondoka.

Basi, kwa ambaye hakusoma. Mke wangu alikuwa anakusanya farasi. Si farasi wa kula majani. Ni farasi wa plastiki na wa kauri, wa kusimama kwenye rafu, wengine wakubwa kama paka, wengine wanaenea kiganjani. Mtaani walimwita Bi Farasi, naye alikuwa anaitika. Mimi ni mpiga rangi wa magari. Miaka yote ya ndoa yetu niliwaona farasi wale kama mtu anavyouona ukuta wa nyumba yake: nilijua wapo.

Siku ya mazishi binti yangu alinivuta pembeni.

"Baba, usiguse kitu cha mama mpaka nije tufungashe pamoja. Na yule farasi mwenye sikio bovu ni wangu. Mama aliniahidi."

Nikamwambia sitagusa hata vumbi.

Wiki iliyopita nilisimulia jinsi nilivyolitunza neno langu. Niliwaingiza farasi wote kwenye beseni. Walipokauka nikaona mengine: masikio yaliyokatika ncha, mikia yenye nyufa, kwato zilizochubuka, mmoja ametafunwa na panya. Mikono yangu haijazoea kuona kibonyeo ikapita. Nilikuwa nimekaa ndani siku nyingi bila kazi, nyumba imenyamaza, na gereji ipo hatua chache kutoka mlangoni. Nikaleta kopo la pati, ile tunayozibia vibonyeo vya bodi. Nikaleta msasa, brashi na makopo ya rangi. Nikaziba, nikasugua, nikapaka, nikamalizia na nta ya magari. Farasi wakang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yao.

Tuliishia pale nilipokaa kitini, nikawatazama kwa fahari, kisha nikainuka kumtafuta yule mwenye sikio bovu.

Hakuwepo. Wote walikuwa na masikio mazuri.

Siku iliyofuata simu ikalia.

"Baba, nakuja Jumamosi."

"Karibu mwanangu."

"Farasi wangu yupo?"

"Yupo." Hilo lilikuwa kweli. Alikuwepo, mahali fulani katikati ya wenzake.

"Hujamgusa?"

"Nimguse ili iweje?"

Angalieni, hapo sikusema uongo. Niliuliza swali. Ndivyo nilivyojifariji mpaka chai ikapoa.

Lazima niwaeleze kidogo kuhusu mimi na binti yangu, msije mkadhani nilikuwa nahangaikia kipande cha plastiki. Hatujagombana hata siku moja. Shida ni kwamba hatujawahi kuongea sisi wawili peke yetu kwa zaidi ya dakika chache. Mama yake ndiye aliyekuwa akituunganisha. Alikuwa anaongea naye weee, mwishoni anasema, "Haya, msalimie baba yako," ananipa simu, mimi nasalimia, namrudishia. Sasa hakuna wa kunipa simu. Binti yangu aliniomba kitu kimoja tu, na ni mara ya kwanza kuniomba bila kupitia kwa mama yake. Nikimpoteza farasi huyu, kila simu itakuwa salamu na kwaheri mpaka nife.

Nikampigia shemeji.

Shemeji ni dada mkubwa wa marehemu. Aliingia, akaweka mkoba, akafungua pazia, akawaona. Akasimama.

"Shemeji, hawa wanakwenda harusi ya nani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Akakaa, akalia. Kisha akamtazama tena mmoja wao usoni, akaanza kucheka upya.

"Mdogo wangu alikuwa anawafuta kwa brashi ya poda. Brashi ya poda, shemeji. Wewe umewapiga pati."

"Pati laini. Ile ya kumalizia."

"Oh, ile ya kumalizia. Basi samahani."

"Nisaidie kumtafuta."

"Nitamjuaje? Mimi farasi wote naona sura moja. Ni kama nyinyi wanaume mkishapakwa sabuni kwa kinyozi." Akafunga kitambaa chake. "Twende kwa Bibi Lenzi. Kama yeye hamjui, hakuna anayemjua."

Bibi Lenzi hukadiria thamani ya vitu vya zamani: saa, vikaragosi, treni za kuchezea, farasi. Duka lake ni chumba kirefu kisicho na ukuta unaoonekana, maana kuta zote zimefunikwa na saa, na hakuna saa mbili zinazokubaliana. Yeye mwenyewe ni mdogo, ana kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Tuliingia tumebeba makatoni ya rangi, farasi wamefungwa ndani ya kanga za marehemu.

"Hawa ni wa Bi Farasi," alisema kabla hatujafungua. "Kanga hizo nazijua. Poleni."

Tukasema tumeshapoa, kama watu wanavyosema.

Akamtoa wa kwanza. Mimi nilidhani atamtazama uso, kwa sababu uso ndio niliouhangaikia zaidi. Yeye akampindua miguu juu, kama nesi anayetafuta pa kuchoma sindano. Akaangalia ndani ya paja la nyuma.

"Chapa ya kiwanda hukaa hapa," alimwambia shemeji, maana mimi alikuwa bado hajanitazama. "Ilikuwa hapa. Sasa naona... hii ni nini, mafuta?"

"Nta," nikasema.

Akamnusa. Akapitisha ukucha kwenye mshono wa tumbo, pale vipande viwili vya plastiki vilipounganishwa. Akasimamisha ukucha.

"Mshono umekwenda wapi?"

"Niliusugua. Ulikuwa unaonekana."

Hapo akanitazama. "Wewe ni fundi wa nini, baba?"

"Rangi. Za magari."

"Kazi safi sana hii."

Sikuweza kujizuia, nikatabasamu. Nilikuwa sijasifiwa tangu msiba.

"Umewaua wote," akasema.

Shemeji alijifanya anatazama saa ukutani.

Bibi Lenzi akatueleza, kwa upole, jinsi mtu anavyomjua farasi. Kwanza unampindua, unatafuta chapa. Kalibu moja hutoa farasi wengi wenye mwili mmoja, kwa hiyo mwili haukuambii kitu. Unatazama rangi, unatazama kama kwato zimepakwa au zimeachwa, unatazama kama jicho lina nukta nyeupe au halina. Unampima mkononi. Kuna miaka ambayo plastiki nzuri iliadimika, viwanda vikatumia mabaki ya kila rangi, halafu wakampaka farasi koti jeupe kwanza ili kuficha fujo ya ndani. Hao ni wazito kidogo, ni wachache, na wakusanyaji wanagombana kwa ajili yao. Halafu unatazama hali yake. Sikio limekatika, thamani inashuka. Sikio limekatika na mtu akalirekebisha, inashuka zaidi.

"Hata kama amelirekebisha vizuri?" niliuliza.

"Hasa kama amelirekebisha vizuri. Aliyevunjika ninajua nini kimebaki. Huyu wa kwako sijui ninakadiria farasi au ninakadiria pati."

Nikamwambia sikuja kuuza. Nilitaka kujua yupi kati yao alikuwa na sikio bovu.

Akavua miwani. "Watu huniletea farasi niwaambie ana thamani gani. Wewe ni wa kwanza kutaka nikuambie ni nani." Akainuka kufunga mapazia. "Nina taa moja. Rangi ya zamani na rangi mpya haziko sawa chini yake. Kila ulipopaka patageuka doa jeusi. Waweke mezani."

Nikawapanga. Akazima umeme, akawasha ile taa yake ya zambarau.

Wasomaji wangu, farasi wote waliwaka. Kuanzia pua hadi mkia. Meza nzima ilikuwa buluu inayotetemeka, kama ukumbi wa muziki.

"Ni nini tena?" shemeji aliuliza gizani.

"Nta yake," alisema Bibi Lenzi. "Fundi, ulipaka mikono mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu," alirudia shemeji. "Mkono mmoja ungekuwa uvivu."

Ikabidi tuwashe umeme tena, tukae chini sote watatu na beseni la maji ya vuguvugu, pamba na sabuni ya mtoto, tuondoe kwa mikono ile kazi niliyojivunia wiki nzima. Shemeji alikuwa akisugua huku akiwaambia farasi, mmoja mmoja, "Pole mwanangu, najua, najua, ni mume wa mdogo wangu, hatukumchagua sisi." Bibi Lenzi aliniwekea sharti: nisishike kitu chenye ukali. Nilipewa pamba tu, kama mtoto.

Tulipomaliza akawasha taa tena. Safari hii mambo yalijionyesha. Farasi walibaki kijivu hafifu, na juu yao kila nilipopita palikuwa peusi kama masizi. Kwato nyeusi. Mikia yenye viraka. Na masikio. Nilikuwa nimetengeneza masikio mengi kuliko nilivyokumbuka. Karibu nusu ya meza ilikuwa na ncha nyeusi.

"Sikio la kulia au la kushoto?" Bibi Lenzi aliuliza.

Sikujua. Nimeishi na farasi huyo nyumba moja, nimepita mbele yake asubuhi na jioni, na sikujua.

"Basi mpigie mtoto umuulize," alisema shemeji.

"Nikimuuliza atajua."

"Lete nimpigie mimi. Wewe kaa kimya, jambo ambalo unaliweza." Akabonyeza namba, akaweka spika.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Sikiliza, hivi lile sikio la farasi wako ni la kulia au la kushoto? Tunabishana hapa na baba yako."

"Mnabishana nini? Si mumtazame."

Shemeji alinitazama mimi. Mimi nikatazama saa, na kulikuwa na saa za kutosha.

"Mimi sina miwani," alisema shemeji. "Na baba yako unamjua."

Binti akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho muda mrefu, na kilikuja kwa gharama yangu, lakini nilikipokea.

"La kushoto," alisema. "Ila halikuvunjika, mama mkubwa. Limetafunwa. Nadhani nililitafuna mimi nikiota meno. Nani mwingine pale nyumbani? Mama alikuwa ananishika kidole ananipitisha kwenye vile vishimo."

Limetafunwa. Nilimkumbuka yule farasi. Vishimo vidogo pande zote mbili za sikio. Nilivijaza pati kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti cha meno, nikavisugua vikawa laini, nikapaka nukta ya rangi juu ya kila kimoja, na kazi ilipokamilika nikapiga mluzi. Mimi nilidhani ni panya.

Hapo hapo saa za ukutani zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, kila moja na wakati wake.

"Mko wapi?" binti aliuliza. "Nasikia saa nyingi."

"Kwa jirani."

"Jirani gani ana saa zote hizo?"

Shemeji akakata simu. "Mtandao," alituambia, kana kwamba na sisi tulikuwa upande wa pili.

Bibi Lenzi alikuwa ameshainama juu ya meza na taa yake. Alipita masikio ya kushoto, moja, jingine, ncha nyeusi, ncha nyeusi. Akafika kwa mmoja wa kahawia, kichwa chini kidogo kama anayesikiliza. Sikio lake halikuwa na ncha nyeusi. Lilikuwa na nukta. Mbili upande wa mbele, zimekaa karibu karibu. Akamgeuza. Mbili upande wa nyuma.

"Meno," alisema. "Mawili juu, mawili chini."

Shemeji alipiga kofi moja dogo. Mimi nikakaa juu ya katoni, na katoni ikabonyea. Sikujali. Farasi amepatikana. Kwa mara ya kwanza tangu msiba kitu nilichokiharibu kilikuwa kinatengenezeka. Pati ile haijashikamana sana na plastiki. Kwa sindano na subira vishimo vingerudi, na Jumamosi ningempa mwanangu farasi wake, ningemweleza ukweli wote, angenicheka, na tungekuwa tumeongea.

Nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Bibi Lenzi alimpima mkononi. Akampima tena. Akawasha umeme, akafungua pazia, akamsogeza dirishani.

"Mzito," alisema. "Huyu namjua. Ni wa koti jeupe. Huyu ndiye farasi wake wa kwanza. Alimleta hapa kabla hajawa na mwingine. Aliokota kwenye vitu vya mtumba, akasikia kwamba wapo wenye thamani, akaja nimwangalie."

"Mdogo wangu hakuniambia," alisema shemeji.

"Nilimwangalia nikashtuka, maana hata mimi nilikuwa nimewaona wa aina hii mara chache. Nikamwambia, mama, farasi huyu ni wa kutafutwa, tatizo ni sikio. Limetafunwa na ndani koti jeupe linaonekana. Nikamuuliza lini limetafunwa. Akasema asubuhi hii, kwenye kiti, wakati nasubiri usafiri wa kuja kwako." Bibi Lenzi alicheka peke yake. "Nikadhani atalia. Alicheka mpaka akakaa pale ulipokaa wewe. Akasema basi huyu haondoki tena nyumbani kwangu. Na mtafunaji mwenyewe alikuwa mgongoni, amelala, hana habari. Tulipomshusha akanikojolea kaunta nzima. Kijana yule. Alirusha mbali, mpaka kwenye saa ile pale. Ameshakuwa mtu mzima sasa, sivyo? Yuko wapi?"

Nilisubiri shemeji aseme kitu. Shemeji ambaye hajawahi kuacha sentensi ya mtu iishe bila kuongeza yake. Alikuwa ameokota kanga ya marehemu na anaikunja. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Wasomaji, kuna jambo sijawaandikia katika wiki zote hizi. Sikulificha. Ni kwamba nyumbani kwetu halisemwi, na mtu akizoea kutosema jambo, hata kalamu inazoea.

Kabla ya binti yangu tulikuwa na mtoto wa kiume. Aliishi mpaka akaota meno manne. Mimi nilikuwa mji mwingine, nimepata kazi ya kupiga rangi mabasi, na niliporudi homa ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Hatukuwa na picha yake. Picha tulikuwa tunasema tutapiga akishaanza kutembea. Nguo zake tuligawa. Mke wangu na mimi hatukukubaliana kutomtaja. Siku moja hatukumtaja, na siku ya pili ikawa rahisi zaidi. Binti alipozaliwa alikuta nyumba imenyamaza hivyo, akadhani ndivyo nyumba zinavyokuwa.

Yale manne, mawili juu na mawili chini, ndiyo alama pekee mwanangu aliyoiacha duniani. Mama yake aliiweka kwenye rafu mbele ya macho yangu miaka yote. Na mimi, fundi bingwa, niliiziba kwa pati laini ile ya kumalizia, nikaipiga msasa, nikasema panya.

"Alifariki," nilimwambia Bibi Lenzi. "Mwaka ule ule."

Alimweka farasi chini polepole. Akasema, "Nisamehe, baba." Nikamwambia hana kosa, yeye ndiye mtu wa kwanza kunitajia mwanangu kwa miaka mingi, na kumtaja akikojolea kaunta. Nilikuwa sijui kwamba alirusha mbali. Nilijikuta nataka aniambie tena ilikuwa saa ipi.

"Ile ya mbao," alisema. "Ya mlango wa kioo. Tangu siku ile inachelewa."

Shemeji akatoa mlio mmoja, sijui kicheko au nini, akafunika uso kwa kanga.

"Nipe sindano," nilisema.

Safari hii Bibi Lenzi hakubisha. Akanipa sindano nyembamba ya fundi saa na kioo chake cha kukuzia, akanisogezea taa ya mezani. Nimetoa pati kwenye milango, boneti na bampa maisha yangu yote, sijawahi kutoa polepole vile. Nilichokonoa pembeni mwa nukta ya kwanza. Ikang'oka nzima, kama punje. Chini yake palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo weupe kidogo wa lile koti.

Niliweka kidole. Kilikuwa kidogo kuliko ncha ya kidole changu kidogo.

Nikatoa ya pili. Nikamgeuza.

"Shemeji," dada wa marehemu alisema kwa sauti ya chini. "Unadhani kwa nini alimwahidi mtoto farasi huyu na si mwingine?"

"Sijui."

"Unajua."

"Nadhani alitaka amwambie. Au alitaka mimi nimwambie. Sijui, shemeji. Hayupo nimuulize."

"Jumamosi utamwambia?"

Nilikuwa bado natafuta jibu lisilo ndiyo wala hapana, maana majibu ya aina hiyo ndiyo fani yangu ya pili baada ya rangi, pale kengele ya mlango wa duka ilipolia.

Sikuinua kichwa. Nilidhani ni mteja, na jino la tatu lilikuwa linakaribia kutoka.

"Nilijua tu mko hapa," sauti ilisema. "Saa zote zile. Mama alikuwa akinisimulia duka hili."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, begi la safari begani.

"Si ulisema Jumamosi," nilisema. Katika maneno yote duniani, hayo ndiyo niliyoyapata.

"Nilitaka nikushtukize; mliponipigia nilikuwa nimeshashuka stendi. Nije mapema nikupikie, usikae peke yako." Alikuwa anatazama meza. Farasi waliochujuka, beseni la maji machafu, pamba kila mahali. Kisha akatazama mkono wangu wenye sindano, na sikio la farasi lililo chini ya sindano. "Baba. Uliniambia hujamgusa."

"Nilikuambia nimguse ili iweje."

Shemeji alifumba macho.

Binti akaweka begi chini, akaja, akamchukua farasi kutoka mikononi mwangu. Nilimwachia. Alipitisha kidole mbele ya sikio, kwenye vishimo viwili vilivyorudi. Akapitisha nyuma, penye pati. Nilingoja anipe ninachostahili.

"Ulikuwa unavitoa," alisema.

"Nilivijaza kwanza. Sasa navitoa."

"Kwa nini ulivijaza?"

"Sikujua ni meno."

Nikaona mdomo wake unataka kukasirika lakini unashindwa, jambo ambalo mama yake naye alikuwa akishindwa. Akavuta kigoda, akakaa kando yangu, bega kwa bega, jambo ambalo hatujawahi kulifanya tangu akiwa mdogo. Akaniwekea farasi mbele yangu.

"Malizia," alisema. "Mimi nashika, wewe toa. Taratibu, ni meno yangu hayo."

Nikainua sindano. Haikwenda popote.

Na yeye, akiwa amemshika farasi kwa mikono miwili, akageuka kwa furaha kumwelekea mwenye duka.

"Bibi, unanikumbuka? Mama alikuwa anasema kabla sijaanza kukumbuka mambo aliwahi kunileta hapa mgongoni."

Bibi Lenzi alivaa miwani yake. Akamtazama yeye. Kisha akanitazama mimi, kama anavyomtazama farasi aliyeletwa dukani ambaye bado hajampindua tumbo.